Jinsi Vilebu wa Umri Mbalimbali Wanavyoamuliwa Katika Maonyesho ya Mbwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa yametoka kwa wafugaji wa Malindi, Watamu na Mambrui, hasa wale waliopata kilebu, yaani mtoto wa mbwa, mwenye cheti cha nasaba kwa mara ya kwanza na wanaotamani kumwingiza ulingoni kabla hajakomaa. Majibu yanaeleza kanuni za vyama vikubwa pamoja na desturi za majaji. Hata hivyo, ratiba ya onyesho unalokwenda ndiyo yenye neno la mwisho, kwa hiyo isome kabla ya kujaza fomu.

Kwa nini vilebu wasishindane na mbwa wazima tangu mwanzo?

Kiwango cha aina, ambacho ndicho kipimo cha jaji, huandikwa kwa kumfikiria mbwa aliyekomaa. Kiwango cha mbwa mchungaji wa Kijerumani kinataka dume awe na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani na jike sentimita 55 hadi 60, nacho cha Rhodesian Ridgeback kinataka dume wa sentimita 63 hadi 69. Kilebu wa miezi 5 hajafika huko, kifua chake hakijashuka hadi usawa wa viwiko, na kichwa chake hakijapata upana wake. Ukimsimamisha kando ya mbwa wa miaka 3 ataonekana ana kasoro chungu nzima, ilhali nyingi si kasoro bali ni utoto tu.

Kazi yote ya jaji wa vilebu imo katika kupambanua mambo mawili: yale ambayo umri utayarekebisha wenyewe, na yale ambayo hata akifikisha miaka 10 hayatabadilika. Mfugaji anayeelewa tofauti hiyo hashangazwi na uamuzi wowote, na asiyeielewa hurudi nyumbani akilalamika kwamba jaji amempendelea mwenzake.

Kilebu huruhusiwa kuingia ulingoni akiwa na umri gani?

Inategemea chama kinachosimamia onyesho, na hapa ndipo wengi wanapopotezwa na wanayoyasoma intaneti.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lililoundwa mwaka 1911 na lenye makao yake Thuin nchini Ubelgiji, lina daraja la vilebu wadogo wasiozidi miezi 6, kisha daraja la vilebu wa miezi 6 hadi 9, kisha daraja la vijana wa miezi 9 hadi 18. Mbwa huyo huyo haingii madaraja mawili katika onyesho moja. Kwa Kennel Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1873, mambo ni tofauti: kwa kawaida mbwa hashindani kabla ya kutimiza miezi 6, na madaraja yenyewe yanapandana, kwa kuwa vilebu wadogo ni wa miezi 6 hadi 9, vilebu ni wa miezi 6 hadi 12, na vijana ni wa miezi 6 hadi 18. Huko kilebu wa miezi 7 anaweza kuandikishwa katika madaraja yote matatu siku ile ile, mradi mwenyewe alipe ada ya kila daraja. Marekani, chini ya American Kennel Club, vilebu hugawanywa kwa miezi 6 hadi 9 na 9 hadi 12, halafu linafuata daraja la miezi 12 hadi 18. Wale wa miezi 4 hadi 6 wana shindano lao la wanaoanza, ambalo halitoi pointi za ubingwa.

Tazama linalotokea mtu akichanganya. Mfugaji anasoma ushauri wa Mwingereza kwamba kilebu ni kilebu hadi afikishe mwaka, kisha anajaza fomu ya onyesho linalofuata kanuni za FCI na kumwandikisha mbwa wa miezi 10 katika daraja la vilebu, kumbe huko amekwisha kuhesabiwa kijana. Kwa hapa Kenya, maonyesho ya mbwa wenye nasaba husimamiwa na East Africa Kennel Club ya Nairobi, na madaraja huwa yametajwa katika ratiba ya kila onyesho pamoja na mipaka yake ya umri.

Umri huhesabiwa kwa siku ipi?

Kwa FCI ni siku ile mbwa anapoonyeshwa. Kwa Uingereza na Marekani ni siku ya kwanza ya onyesho, hata kama mbwa wako ataingia ulingoni siku ya tatu. Siku ya kujaza fomu haihesabiki. Tarehe ya kuzaliwa inayokubalika ni ile iliyomo katika cheti cha nasaba, si ile ambayo jirani aliyekuuzia anaikumbuka kichwani.

Jaji huangalia nini kwa kilebu wa miezi 4 hadi 6?

Huangalia machache, na huyaangalia kwa upole. Katika umri huu jaji mzoefu humwacha kilebu amnuse mkono kwanza, kisha humpapasa kichwa, mabega, mbavu na kiuno bila kumbana, kwa kuwa kilebu aliyetishwa ulingoni akiwa na miezi 5 anaweza kulikataa onyesho maisha yake yote. Vilebu wa aina ndogo hukaguliwa juu ya meza, na wakubwa hukaguliwa chini.

Kinachotafutwa ni uwiano wa mwili: urefu wa mgongo ukilinganishwa na kimo, mpangilio wa mifupa ya bega na paja, unyoofu wa miguu ya mbele, na umbo la kichwa kwa jumla. Kilebu akiwa na sehemu ya nyuma iliyoinuka kuliko mabega, jaji hatalipa uzito mkubwa jambo hilo, kwa kuwa miguu ya nyuma na ya mbele haikui kwa mwendo mmoja na wiki chache baadaye mgongo unaweza kulingana. Miguu iliyolegea inapotembea husamehewa vivyo hivyo. Lakini bega lililosimama wima, mahali ambapo aina hiyo inatakiwa kuwa na bega lililolala, halitalala kwa sababu mbwa amefikisha mwaka. Hilo huandikwa.

Mwendo hutazamwa kwa muda mfupi tu. Kilebu akiruka, akiuma kamba au akiketi katikati ya ulingo, watu hucheka na jaji husubiri. Hatua nne au tano za kunyooka zinamtosha kuona anachotaka.

Meno ya kilebu wangu yanang'oka. Je, atatolewa?

Hatatolewa kwa sababu hiyo. Wenzetu wa Lamu, ambao humfunua punda mdomo kabla ya kutaja bei, wanajua kwamba mdomo ndio unaosema umri, na kwa mbwa ni vivyo hivyo. Kilebu ana meno 28 ya utotoni. Mbwa mzima ana meno 42. Mabadiliko huanza karibu na mwezi wa nne na kwa kawaida huwa yamekamilika kufikia mwezi wa saba.

Mfunue mdomo kilebu wa miezi 5 utaona mambo yalivyo: meno mawili mapya ya katikati, mapana na meupe, yamekwisha kusimama, kando yake kuna pengo lenye ufizi mwekundu, na pembeni chonge ya utotoni, nyembamba na iliyochongoka, bado imeng'ang'ania karibu na mahali ambapo chonge mpya inaanza kuchomoza. Jaji anayeona hali hiyo hahesabu meno. Huangalia taya tu: je, la juu na la chini yanakutana inavyotakiwa kwa aina hiyo? Aina nyingi zinatakiwa ziwe na meno ya mbele ya juu yanayopita kidogo mbele ya yale ya chini na kuyagusa. Wafugaji wazoefu husema kwamba taya la juu likizidi kidogo katika miezi ya mwanzo, huenda pengo likajiziba, kwa sababu taya la chini huendelea kukua kwa muda. Taya la chini likizidi mapema, matumaini ni haba. Bulldog na Boxer, ambao kiwango chao kinataka taya la chini litangulie, wana hukumu yao.

Baada ya miezi 7 msamaha huo hupungua haraka, na katika daraja la vijana jino lililokosekana linahesabiwa kuwa limekosekana, kwa uzito unaotegemea aina. Jambo moja halifai kusubiri onyesho: chonge ya zamani ikigoma kung'oka ilhali mpya imekwisha kutoka, jambo linalotokea sana kwa Chihuahua na Yorkshire Terrier, mwone daktari wa mifugo, kwani chonge mpya inaweza kusukumwa nje ya mstari wake.

Masikio ya mbwa wangu mchungaji wa Kijerumani yalisimama, sasa moja limelala. Nifanye nini?

Usifanye lolote la kulazimisha. Sikio linaweza kuinama tena wakati meno yanabadilika na kusimama baadaye. Jaji wa vilebu wadogo analijua hilo. Usiingie ulingoni na plasta sikioni, maana kumwongezea mbwa umbo kwa vifaa ni udanganyifu. Akifika miezi 9 sikio likiwa bado limelala, hiyo ni habari nyingine, na hatalaumiwa jaji.

Katika daraja la miezi 6 hadi 9, mmoja ana miezi 6 na siku 2 na mwingine anakaribia 9. Haki iko wapi?

Hili ndilo swali linaloleta manung'uniko mengi kuliko yote, na manung'uniko hayo yana msingi. Kwa mbwa wa aina kubwa, wiki 11 za ukuaji katika umri huo ni tofauti inayoonekana kwa macho: mmoja ana kifua kilichoanza kujaa na shingo iliyoshikamana na mabega, na mwenzake bado ni miguu mirefu tu. Kwa aina ndogo pengo hilo ni dogo, kwa kuwa Chihuahua hukomaa mapema kuliko Great Dane, ambaye huendelea kujengeka hata baada ya mwaka mmoja na nusu.

Majaji hujaribu kulisawazisha jambo hili kwa kumuuliza kila mshikaji, yaani anayemwongoza mbwa ulingoni, umri wa mbwa wake anapofika mbele. Jibu umri halisi kwa miezi, na kwa wiki ukiweza. Kumwongezea umri ili aonekane mtulivu, au kumpunguzia ili asamehewe wembamba, hakufai kitu, kwa kuwa tarehe imo katika karatasi za waandalizi na jaji anaweza kuonyeshwa baada ya hukumu. Akishajua umri, jaji mzuri humlinganisha kila kilebu na hali inayotarajiwa kwa umri wake, ndipo anapowalinganisha wao kwa wao. Ndiyo maana mara nyingine mdogo aliye mwembamba humshinda mkubwa aliyejaa: mdogo yuko sawa kwa miezi yake 6, ilhali mkubwa, kwa miezi yake karibu 9, amejaa kupita kiasi na miguu ya mbele imeanza kupinda nje kwa uzito.

Si kila jaji hufanya hivyo. Wapo wanaosema wazi kwamba wanaamua wanachokiona siku hiyo na hawatabiri ya kesho, na kwa mtazamo wao aliyejaa atashinda. Sisi tunaona msimamo huo ni rahisi kwa jaji kuliko ulivyo na haki kwa kilebu, lakini si kosa kikanuni, na anayeingia ulingoni huwa ameukubali. Ushauri wa kweli kwa mwenye kilebu wa miezi 6 kamili ni kusubiri onyesho lijalo kama tarehe zinaruhusu, hasa ikiwa mbwa ni wa aina kubwa.

Kuna aina ambayo tatizo hili hulipunguza kwa maumbile yake. Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, jike wake kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka, tofauti na majike wa aina nyingi wanaopata mara mbili, na uzazi wao huelekea kuangukia msimu mmoja. Kwa hiyo vilebu wa Basenji wanaokutana ulingoni mara nyingi wanakaribiana umri.

Dume wangu ana miezi 5 na korodani moja haijashuka. Je, nimpeleke?

Kwa kawaida korodani zote mbili huwa zimeshuka kufikia takriban wiki 8 za umri, na zisipoonekana kufikia miezi 6 madaktari huhesabu kwamba hazitashuka. Viwango vya FCI vinataka dume awe na korodani mbili zinazoonekana za kawaida, zilizoshuka kikamilifu. Jaji humpapasa kila dume, kilebu au mzima. Kilebu wa miezi 5 anaweza kupewa maelezo tu, lakini katika madaraja ya juu dume mwenye upungufu huo hutolewa. Mwone daktari kabla ya kulipa ada, naye pia atakueleza hatari ya korodani iliyobaki tumboni kugeuka uvimbe uzeeni.

Je, rangi na manyoya ya kilebu huamuliwa?

Huamuliwa kwa hadhari, kwa sababu manyoya ya utotoni si yale atakayoishi nayo. Yorkshire Terrier huzaliwa mweusi mwenye madoa ya hudhurungi, na rangi ya bluu ya chuma mgongoni huja taratibu. Kumlaumu akiwa na miezi 7 kwa weusi wake ni kumlaumu kwa kuwa mtoto. Dalmatian huzaliwa mweupe mtupu na madoa huanza kutokea baada ya siku chache, kwa hiyo akifika ulingoni madoa yamekwisha kujipanga na yanaweza kuamuliwa.

Kwa upande mwingine yapo maumbile ambayo hayangoji umri. Mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni mwa Rhodesian Ridgeback, pamoja na mizunguko yake miwili karibu na mabega, huonekana tangu kuzaliwa. Mzunguko mmoja ukikosekana siku ya kwanza, utakosekana daima, na jaji hausamehi kwa hoja ya utoto. Hapa pwani tunapenda aina hii kwa ulinzi, basi mnunuzi ayatazame hayo kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu joto la Malindi: mbwa wenye manyoya marefu hupukutisha sana hapa, na kilebu wetu anaweza kuonekana mwepesi wa manyoya akisimama kando ya wenzake waliolelewa Limuru. Jaji haulizi umetoka wapi. Kwa daraja la vilebu hilo hupunguza alama kidogo. Kwa vijana hupunguza zaidi.

Mambo hubadilikaje katika daraja la vijana, miezi 9 hadi 18?

Hapa huruma hupungua. Meno yametimia, kimo kimekaribia mwisho wake, na jaji anaanza kutaka mwendo wenye nguvu unaofika mbele na kusukuma nyuma bila kuyumba. Kifua bado hakitarajiwi kuwa cha mbwa wa miaka 3. Huu pia ni umri wa ubishi: dume huanza kuwakaripia madume wenzake, na jike hupata joto lake la kwanza, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12, kisha hupukutisha manyoya. Mbwa aliyeng'ara akiwa na miezi 7 anaweza kuonekana hana mbele wala nyuma akiwa na miezi 12. Wafugaji wengi wenye uzoefu humpumzisha katika kipindi hicho, na hilo si dalili ya kumkatia tamaa.

Tabia ya kilebu inahesabika?

Inahesabika kuliko wengi wanavyodhani. Kilebu kushtuka kipaza sauti kinapolia si kosa, ila jaji hutazama anarudi katika hali yake baada ya muda gani. Anayeshtuka kisha akatikisa mkia hupita. Anayejikunja na kukataa kabisa kuguswa anaweza kuandikwa kwamba hakuweza kuamuliwa, na hilo si adhabu kwa umbo lake. Anayeuma kwa ukali hutolewa, awe na miezi mingapi. Woga mwingi unatokana na malezi ya miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo kilebu aliyefungiwa uani Malindi bila kuona tuktuk, watoto wa madrasa wakipita wala mgeni mwenye kofia hawezi kugeuka jasiri kwa siku moja.

Kilebu wangu ameandikiwa kwamba ana matumaini makubwa. Amekuwa bingwa?

La. Katika maonyesho ya FCI, mbwa wa kuanzia daraja la vijana hupewa madaraja ya ubora kama vile bora kabisa, nzuri sana na nzuri, lakini vilebu hupewa maelezo ya matumaini tu. Wala vilebu hawashindanii tuzo ya mbwa bora wa aina yake pamoja na wakubwa, na cheti cha ubingwa wa kimataifa cha CACIB hakitolewi kwa mbwa aliye chini ya miezi 15.

Uingereza kilebu anaweza kushinda cheti cha ushindani wa ubingwa, lakini ili awe bingwa anahitaji vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu tofauti, na angalau kimoja awe amekipata akiwa amepita miezi 12. Marekani ndiko mlango uliko wazi zaidi: kilebu wa kuanzia miezi 6 anaweza kuanza kukusanya zile pointi 15 za ubingwa, ambamo lazima kuwe na ushindi mkubwa mara mbili kutoka kwa majaji tofauti.

Karatasi ya maelezo ambayo jaji wa FCI humwandikia kila mbwa ina thamani kuliko utepe. Ihifadhi. Akiandika kwamba viwiko vimelegea akiwa na miezi 5 na jaji mwingine akaandika vivyo hivyo akiwa na miezi 14, umepata jibu lako kuhusu kumzalisha au kutomzalisha.

Chanjo zipi zinahitajika, na kwa nini umri wa miezi 4 hutajwa sana?

Chanjo za parvo na distempa huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama huweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3. Kilebu wa chini ya miezi 4, kwa hiyo, mara nyingi bado yuko katikati ya ratiba, na kumpeleka mahali penye mbwa mia moja ni kumtafutia maradhi. Kirusi cha parvo hudumu ardhini kwa miezi. Chukua kadi ya chanjo yenyewe, si picha yake kwenye simu.

Safari ya kutoka Malindi hadi Nairobi na kilebu ipangweje?

Kupitia Mombasa ni takriban kilomita 600. Wapo wanaofikiria kukata kupitia lango la Sala na Tsavo Mashariki, lakini mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, kwa hiyo utarudishwa langoni. Ondoka alfajiri kabla jua halijapanda, mpe chakula kidogo tu saa chache kabla ya safari, na simama Voi na Mtito Andei kumpa maji. Mkague kupe masikioni na katikati ya vidole siku mbili kabla, kwa kuwa homa za kupe ni nyingi pwani na kilebu aliyeanza kuumwa huonekana mnyonge ulingoni ingawa umbo lake ni zuri. Ukifika mapema kwa siku moja ni bora zaidi. Nairobi ni mahali pa baridi kwa mtoto wa Malindi, hasa mwezi wa Julai.

Mimi ni Mwislamu ninayefuga mbwa wa ulinzi. Ni lazima nimshike mwenyewe?

Si lazima. Mwenye mbwa na mshikaji wanaweza kuwa watu wawili, na kanuni zinaruhusu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na ulingoni mate hayakwepeki: kuna vipande vya nyama mkononi na kuna kufunua mdomo. Hadithi zinataja ruhusa ya mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kama kumwonyesha kunaingia humo au la, muulize sheikh wako. Ukurasa huu hauna elimu hiyo.

Kilebu wangu ni wa kienyeji, hana cheti. Ana nafasi?

Si katika madaraja ya aina, kwa kuwa jaji hana kiwango cha kumlinganisha nacho. Maonyesho mengine huwa na mashindano ya kujifurahisha, kama ya kilebu mwenye nidhamu, ambayo hayaulizi nasaba. Uliza waandalizi.

Nimfundishe nini kabla ya siku yenyewe?

Mambo matatu yanatosha: kusimama kwa sekunde chache bila kuketi, kukubali kufunuliwa mdomo na mtu asiyemjua, na kutembea kando yako kwa kamba iliyolegea, kwenda na kurudi na kwa umbo la pembetatu. Dakika tano kwa wakati, mara mbili kwa siku, na umwachie kabla hajachoka.

Ufuo wetu ni mzuri kwa mazoezi maji yanapokupwa na mchanga ukawa mgumu. Mchanga mkavu wa juu humfundisha hatua mbaya kwa kuwa miguu inazama. Usimkimbize kilebu wa aina kubwa kilomita nzima kando ya baiskeli, kwani sehemu za mifupa zinazokua hufunga kati ya miezi 12 na 18, na kabla ya hapo huumia kwa urahisi. Jambo jingine ambalo watu wa kwetu hulisahau ni nyasi. Kilebu aliyekulia kwenye saruji na changarawe ya matumbawe huinua miguu kwa wasiwasi anapokanyaga nyasi zenye umande asubuhi, na jaji huona mwendo uliovurugika bila kujua sababu. Tafuta uwanja wenye nyasi umtembeze hapo mapema, asubuhi kadhaa.

Nauziwa kilebu wa miezi 8 aliyeshinda daraja lake. Bei ni ya juu kwa sababu hiyo. Je, inastahili?

Omba karatasi ya maelezo ya jaji, uulize walikuwa wangapi katika daraja hilo, kwani kushinda peke yako nako huandikwa ushindi. Kisha mtazame yale yasiyobadilika: meno ya kudumu, korodani kama ni dume, bega, tabia mbele ya mgeni. Kwa mbwa wa aina kubwa omba pia picha za eksrei za nyonga za wazazi wake. Matokeo rasmi ya nyonga zake mwenyewe hupatikana akishapita mwaka mmoja, na FCI haiyatambui kabla ya hapo. Kama muuzaji anataka bei ya mbwa aliyekomaa kwa mbwa wa miezi 8, mwambie utarudi akifikisha miezi 15, na uone kama atakubali kukuwekea.